Reli ya Mlangoni kwa Kaushik

Haya niliambiwa na Rekha mwenyewe, mke wa Kaushik wa duka la vitambaa, mwezi wa tatu mwaka huu, tukikata ndimu za achari uani kwake. Machache niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenituma nikaone. Uingereza mimi sijafika. Ya huko nayasema kama alivyoyasema, na pale alipocheka nitasema alicheka.

Duka lao liko Dodoma mjini, karibu na soko. Mbele duka, nyuma nyumba, katikati ua mdogo wenye tangi la maji. Mlango wa duka ni wa mbao za mninga, mabawa mawili, aliuweka baba yake Kaushik. Sasa sikia habari ya komeo lake. Yule mzee aliwahi kuvunjiwa na wezi, akakasirika, na wakati huo kule Zuzu, nje ya mji, reli ya zamani ilikuwa inabadilishwa. Akaomba kipande, akapewa, akakifanya komeo. Kipande cha reli, bwana, reli ya treni! Kinalala kwa ndani juu ya kulabu mbili, na mtu mmoja hakiwezi. Lazima mmoja ashike huku, mwingine kule, mhesabu pamoja ndipo mnyanyue.

Kila siku saa saba mchana Kaushik na Rekha walikuwa wanaweka reli. Ndivyo wanavyosema wao, tuweke reli. Wanakula, wanalala mpaka saa nane na nusu, duka linafunguliwa tena. Mji unajua. Hata waziri akitaka kifungo saa saba na nusu atasubiri barazani pamoja na Octavian, fundi cherehani wao, ambaye saa hizo naye kaegemeza kichwa kwenye mashine anakoroma.

Wana mtoto mmoja, Priya, yuko Uingereza na mumewe, mji unaitwa Leicester. Kila Jumapili alikuwa akiwapigia simu kwa jambo lile lile.

"Mami, huo ni umri wa kubeba ndoo? Maji ya mgao, umeme wa mgao, vumbi tu ndilo halina mgao. Njooni huku. Chumba kipo."

Siku moja Kaushik akachoka kubishana, akamwambia mkewe: "Nenda wewe. Kaa msimu mzima wa baridi, uone. Mimi nikienda nitasifu kwa sababu ya mtoto. Wewe tangu nikuoe hujasifu kitu. Ukirudi ukisema twende, nafunga duka tunakwenda. Ukisema tubaki, Priya asinisumbue tena."

Yaani duka lote, la tangu baba yake, kaliweka mdomoni mwa Rekha. Rekha aliondoka mwezi wa kumi na moja na mzigo huo, mbali na masanduku.

Sasa simu. Kule Priya alikuwa anaiweka juu ya meza ya jikoni, sauti imefunguliwa, wote wanasikia. Kaushik akiuliza kukoje, Rekha anamtazama binti yake amekaa pale pale, binti aliyemnunulia koti, soksi za sufu na godoro la kutunza mgongo. Atasema nini?

"Kuzuri," anasema.

"Maji?"

"Usiku na mchana. Ya moto, unafungua tu."

"Usafiri?"

"Basi likifika linapiga magoti, mzee apande."

Kaushik akadakia: "Basi linapiga magoti?"

"Linashuka upande mmoja, Baba Priya. Kuzuri."

Wala hakudanganya. Maji ni kweli na basi ni kweli. Lakini huku Dodoma Kaushik akikata simu anabaki anaitazama kama imemtukana. Akamwendea Firoz, jirani yake wa duka la vifaa vya ujenzi.

"Ameanza kusifu," akamwambia.

"Si vizuri?"

"Firoz, mwanamke huyu siku ya harusi yetu alilalamika kuwa maua yana vumbi. Leo anasifu basi! Kuna kitu. Amekwisha kuamua, hajui aanzie wapi kuniambia."

Na kila simu ilipokuja, akawa anasikiliza kama polisi. Rekha akisema kuzuri, anashuku. Akikohoa kabla ya kusema kuzuri, anashuku zaidi.

Sasa lile ambalo Rekha hakulisema mbele ya Priya ni hili. Asubuhi wote wakiondoka, nyumba inabaki na yeye. Siku ya kwanza alifuta meza, kitambaa kikatoka cheupe. Siku ya pili akafuta, cheupe. Akaanza kuhisi kuna mtu anafuta kabla yake. Hapo Rekha alicheka mpaka akajikata kidole na ndimu ikamwasha. Mlango wa mbele nao unafungwa kwa kidole kimoja, tki, basi. Anakaa, ananyanyuka, anarudi kuujaribu. Haamini kama mlango mwepesi vile umefungwa. Na ikifika saa nne na nusu asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa saba na nusu mchana, macho yanajifumba. Mwili wake ulikuwa bado unaweka reli.

Jirani mmoja akamwona dirishani kalala kwenye kochi asubuhi kweupe, akampigia Priya kazini. Priya akaja mbio, akampeleka kwa daktari. Daktari mpole. Rekha mwenyewe anasema, kule mgonjwa anasikilizwa mpaka mwisho. Akamuuliza, Priya akitafsiri, kama ana huzuni.

"Nikamwambia sina huzuni, nina usingizi."

Daktari akauliza tena, je, kule alikotoka anatendewa vizuri? Priya alilitafsiri swali hilo huku akimtazama mama yake kwa pembeni. Tangu siku hiyo naye akaanza kushuku. Akawa anapiga simu kila asubuhi kutoka kazini kuhakikisha mama yuko macho. Rekha akawa analala kwa kuiba, amekaa wima, televisheni inaongea, ili mtu akichungulia aone mwanamke mzima anatazama taarifa ya habari.

Basi, mwezi wa kwanza, asubuhi moja usingizi umemshika, akatamani kusikia simu ya nyumbani ikiita. Alijua haitapokelewa. Saa hizo Kaushik amelala na simu iko juu ya kabati. Alitaka iite tu kule ndani, basi, halafu alale.

Ikapokelewa papo hapo.

"Haloo?"

"Baba Priya! Hujalala?"

"Nimelala."

"Umelala unapokea simu?"

"Si umeniamsha."

Nyuma yake Rekha anasikia cherehani inanguruma, na sauti ya mwanamke inauliza zipu.

"Nani huyo anauliza zipu?"

"Redio."

"Redio inataka zipu nyeusi ndefu?"

"Rekha, mtandao huku unasumbua," akasema Kaushik, na mtandao ukasumbua kweli, kwa sababu alikata.

Usingizi wote ukamtoka Rekha. Duka lile saa saba na nusu halijawahi kuwa wazi tangu aolewe. Akawaza, anauza vitu kwa haraka, anamaliza mali, hakungoja hata neno langu. Kisha akawaza, au ameshachoka nami, anataka nibaki huku huku. Aliwaza hata mwanamke.

"Usicheke, Mama Gerson," aliniambia. "Mzee wa miaka sabini na goti bovu, najua. Lakini mtu akiwa mbali anawaza kila kitu."

Akampigia Firoz. "Firozbhai, kaka yangu, duka letu saa saba linafungwa?"

"Ee... si mnajua wenyewe, dada."

"Nakuuliza wewe."

"Yupo salama kabisa."

"Sijauliza usalama!"

Firoz akasema ana mteja wa misumari. Hapo ndipo Rekha akanipigia mimi. "Mama Gerson, nenda dukani saa saba na nusu. Usiseme nimekutuma. Tazama tu."

Nakaa mtaa wa Kikuyu, si mbali. Nikachukua kikapu, nikaenda kama mtu anayetaka uzi. Nikakuta mlango uko wazi, mabawa yote mawili. Ile reli imesimamishwa ukutani. Kaushik kakaa kwenye kiti katikati ya duka akiutazama mlango, macho mekundu kama mtu aliyekesha msibani. Na Firoz yupo pale pale mlangoni kashika futi ya kuvuta, anapima. Kapima upana, kapima urefu, midomo inahesabu. Aliponiona akaiachia, ikarudi ndani yake, chwap.

"Mbukwa, Mama Gerson," Kaushik akanisalimia kwa Kigogo, kama kawaida yake.

"Mbukwa. Leo hamjaweka reli?"

"Biashara," akasema.

Dukani hakuna mtu. Octavian akadakia kutoka barazani bila kuinua kichwa kwenye pindo lake: "Halali siku hizi, mama. Anahesabu wateja, na hawapo."

"Shona wewe!"

Nikanunua uzi mweupe. Natoka, Kaushik akaniita taratibu. "Amekutuma?"

"Nani?"

"Mama Gerson, uzi mweupe ulinunua juzi. Ule pale kwenye kikapu, haujafunguliwa."

Nikaona aibu, lakini sikukubali wala sikukataa.

"Mwambie nalala vizuri," akasema.

"Nitamwambia nilichokiona, Baba Priya."

Nikamwambia. Mlango wazi, mume macho, Firoz na futi.

"Firoz anapima mlango?" akauliza.

"Anapima."

"Anatununua! Anabomoa ukuta aunganishe na duka lake. Na huyu mzee anakaa anamtazama!"

Mimi nilimwambia asikimbilie kusema hivyo. Lakini hata mimi nilikuwa nimeshaanza kumtazama Firoz vibaya. Nilikuwa nikipita dukani kwake namjibu salamu nusu.

Rekha hakungoja baridi iishe. Priya alilia kidogo, akadhani mama anamkimbia. "Nimekukosea nini, Mami?" Rekha akamwambia, "Hujanikosea, mwanangu. Nataka nikaone mlango wangu." Maneno hayo kwa Priya hayakuwa na maana yoyote, akazidi kuwa na wasiwasi. Rekha akamwapisha asimwambie baba yake.

Alitoka Dar kwa treni ya umeme. Kiti chake, alisema, kilikuwa kizuri kuliko cha treni aliyopanda kule, lakini akajikuta anatafuta kasoro, akaipata: kiyoyozi kilikuwa kikali. Akafika mbele ya duka kwenye bajaji, saa saba imepita kidogo. Octavian akasimama na pini mdomoni. Rekha hakumsalimia. Akaingia na sanduku dogo mkononi, akatazama rafu. Kanga zipo, vitenge vipo, mabunda ya vitambaa mpaka darini. Hakuna kilichopungua. Kaushik yuko kwenye kile kiti.

"Umemuuzia nani?" akauliza Rekha.

"Umekuja kuchukua nini?" akauliza Kaushik.

"Mimi nimeuliza kwanza."

"Sanduku dogo hilo. Mtu anayerudi kukaa anarudi na sanduku kubwa. Umekuja kuaga."

"Kubwa liko kwenye bajaji!"

Na kweli dereva akaingia nalo kifuani, anahema. "Mama, humu umetuletea mawe ya Ulaya?"

"Weka hapo," akasema Rekha. Kisha akaita kwa sauti iliyofika sokoni: "Firoz! Njoo na futi yako!"

Firoz akaja, mikono nyuma. "Karibu nyumbani, dada. Umependeza."

"Unapima nini kwangu?"

Firoz akamtazama Kaushik, Kaushik akatazama miguu yake. "Nilitaka kumwekea mlango wa bati," Firoz akasema. "Ule wa kuvuta, unaojikunja juu. Mtu mmoja anaufunga kwa mkono mmoja. Nilimpimia tu, nilimwonea huruma. Amekataa."

"Huruma ya nini?"

Ndipo Kaushik aliposema, na alisema huku anaitazama reli, hakumtazama mkewe. "Na hiyo niiweke na nani? Usiku Masudi mlinzi ananishikia upande mmoja, ni kazi yake, na Masudi hana maneno. Mchana Masudi yuko kwake Ipagala. Octavian naye, ukimwambia jambo asubuhi, jioni liko Zuzu."

"Nasikia," akasema Octavian barazani.

"Usikie! Nikuite unishikie, uone bega langu halipandi, umwambie Mama Gerson, Mama Gerson amwambie huyu, huyu amwambie Priya, halafu Priya aseme, mnaona? Basi nikaacha mlango wazi, nikakaa nikaulinda."

"Tangu nimeondoka hujalala mchana?"

"Nani atalala mlango uko wazi?"

"Na mlango wa bati umekataa kwa nini?"

"Wa mtu mmoja ule," akasema Kaushik.

Rekha aliniambia hapo alitaka kumgombeza. Akavua koti la Priya, akalitupa juu ya vitenge, akaenda kwenye reli akashika upande wake.

"Shika."

"Umetoka safari, pumzika kwanza."

"Shika, Baba Priya. Nina usingizi tangu mwezi wa kumi na moja. Nyie wengine tokeni."

Firoz akatoka, dereva akatoka. Mabawa yakafungwa. Wakahesabu pamoja. Upande wa Rekha ulipanda. Upande wa Kaushik uliishia kifuani, ukasimama, akausukuma kwa goti lile lile bovu, reli ikaangukia kulabu kwa kishindo. Ndani kukawa na ule mwanga wa nyufa, wa mchana. Wakala chapati za jana na achari, wakaenda kulala.

"Sema neno lako," Kaushik akasema, amelala chali anatazama feni.

Rekha akamwambia yote sasa. Meza isiyo na vumbi, mlango wa tki, daktari na maswali yake, kulala wima mbele ya televisheni. Lakini na yale ya kwanza hakuyafuta.

"Maji ni kweli," akasema. "Basi ni kweli. Daktari yule angeliona bega lako asingekuacha hivi. Kule mzee anatunzwa. Siwezi kusema uongo ili tubaki."

"Kwa hiyo twende."

"Sijasema."

"Kwa hiyo tubaki."

"Nyamaza nimalize. Leo upande wako ulikuwa chini. Nimeona. Kesho unakwenda hospitali bega litazamwe. Na tunabaki mpaka siku ambayo mimi na wewe tutashindwa kuinyanyua reli. Siku hiyo hatuweki mlango wa bati, hatumwiti Masudi. Tunafunga duka tunakwenda kwa Priya, wala hutaninunia njiani."

Kaushik akafikiri. Feni ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme umekatika.

"Unaona!" Rekha akaanza. "Sijamaliza hata saa moja! Na huu mto nani ameulalia? Na ile rafu ya nyuzi ina vumbi la kupandia mtama. Miezi yote hiyo umekaa kwenye kiti hukuweza kushika hata kitambaa?"

Alilalamika mpaka akaishiwa pumzi. Kitanda kikaanza kutikisika. Kaushik alikuwa anacheka.

"Rekha," akaita baadaye.

"Nini tena?"

"Siku hiyo nitajuaje kama hujalegeza upande wako makusudi?"

"Na mimi nitajuaje kama hukujikaza mpaka ukavunjika, ili tu tusiende?"

"Hutajua."

"Basi tutatazamana. Lala."

Kaushik akamgeukia, akaacha jicho moja wazi, linamchunguza. Rekha akafumba yake akaanza kuvuta pumzi ndefu za mtu aliyelala. Ujanja huo alikuwa ameutoa Leicester. Akasikiliza. Barazani cherehani ilikuwa imeshanyamaza zamani, Octavian anakoroma. Baada ya muda koromo la pili likajiunga, la humu ndani. Rekha akafumbua macho taratibu ahakikishe si hila. Lile jicho lilikuwa limefumba, mdomo uko wazi kidogo. Akamtazama tena, kwa sababu hakumwamini huyu mzee hata kidogo, kisha akageukia ukutani, akalala.